Kobe wa Kikopey: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Nakuru

Tangazo lilikuwa na maneno tisa: "Kobe mkubwa, mpole, anauzwa elfu tatu mia tano, Nakuru." Chini yake palikuwa na picha ya mvulana wa miaka kumi amempakata kobe kifuani kama mtu anayepakata mtoto mchanga, na nyuma yao ukuta wa mabati na kamba ya nguo. Liliwekwa Jumamosi asubuhi mwezi wa Juni 2025, katika kundi la WhatsApp la mtaa ambamo watu huuziana magodoro, mitungi ya gesi na watoto wa mbwa. Kufikia saa nane mchana, aliyeliweka alikuwa amepigiwa simu nne. Simu ya nne ndiyo iliyomleta kwangu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Nakuru. Uwakili sina. Kazi yangu ni kusikiliza, kueleza sheria kwa lugha ya nyumbani, na kumfikisha mtu kwa wakili kabla mambo hayajaharibika. Kesi nilizozoea ni za kodi ya nyumba, mishahara isiyolipwa na matunzo ya watoto. Ya kobe ilikuwa ya kwanza. Familia imeniruhusu kuandika, nami nimeacha majina yao na mtaa wao. Baba nitamwita Fundi, kwa sababu ni fundi wa kuchomelea vyuma na ndivyo mtaa mzima unavyomwita.

Kisa hiki kilianza miaka mitano nyuma, Kikopey. Msafiri yeyote wa barabara ya Nairobi anapajua: moshi wa nyama choma, malori yamepanga foleni, na vijana wanaokimbilia madirisha ya magari na mahindi. Desemba 2020 Fundi alikuwa akirudi Nakuru na mkewe na mtoto wao aliyekuwa na miaka mitano. Mbele kidogo ya vibanda, watoto watatu walisimama kando ya lami. Mmoja alikuwa ameshika waya, na mwisho wa waya ule alining'inia kobe mdogo, miguu ikitafuta ardhi hewani.

"Madam, nilimhurumia tu," Fundi aliniambia. "Jua kali, waya umepita kwenye gamba. Nikasema nikimwacha hapa atakufa." Alitoa shilingi mia tano. Walimweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia na mtoto akamkumbatia hadi nyumbani. Jina akampa yeye: Jiwe.

Nimemwona Jiwe kwa macho yangu, na tundu lile bado lipo. Liko ukingoni mwa gamba, upande wa nyuma kulia, mviringo safi wa ukubwa wa punje ya mahindi. Wengi hudhani gamba la kobe ni kama kiatu chake, kitu kilichovaliwa juu ya mwili. Gamba ni mfupa. Mbavu na uti wa mgongo wa kobe vimeungana nalo, na juu ya mfupa huo kuna vigae vigumu vya aina ya kucha. Anayetoboa gamba anatoboa mfupa wa mnyama aliye hai, na mnyama huyo anahisi.

Kuna jambo alilolisema Fundi kwa kupitia tu, nami nimelibeba tangu siku hiyo. Wiki mbili baada ya kumnunua Jiwe walipita tena palepale. Watoto ni wale wale. Safari hii walikuwa na kobe watatu.

Sitaki kumhukumu Fundi. Huenda hata mimi ningetoa ile mia tano. Lakini pesa ile ndiyo iliyowaambia watoto wale kwamba vichakani kwao kuna mali. Kobe huyu wa mbugani mwenye madoa kama ya chui, ambaye wanasayansi humwita Stigmochelys pardalis, huchukua miaka mingi kabla ya kuanza kutaga. Watoto watatu na karatasi moja ya plastiki wanaweza kumaliza kobe wa kilima kizima kati ya likizo moja na nyingine, na mbegu ya kuwarudisha isionekane hadi watoto hao wawe watu wazima.

Kwa nini walitaka kumuuza

Kwa miaka minne na nusu Jiwe aliishi uani. Alikula sukuma wiki, maganda ya ndizi, na kwa bahati mbaya ugali na mkate uliolowekwa kwenye maziwa, kwa sababu mtoto alitaka ale wanachokula wao. Kobe wa aina hii ni mla nyasi. Ukimpa chakula cha wanadamu, gamba lake linakua vibaya, na la Jiwe lilikuwa limekwisha kuinuka vigaevigae kama vilima vya Menengai. Hakuna aliyewaambia. Jirani mmoja alikuwa akiwasifu kwamba penye kobe nyoka hasogei, na sifa hiyo ikatosha.

Mwaka 2024 familia ilipata mtoto wa pili, msichana. Alipofika miezi kumi na moja alikuwa anatambaa uani, na kitu cha kwanza alichokitafuta kila asubuhi ni Jiwe. Alimgonga gamba kwa viganja, kisha viganja vikaenda mdomoni. Maji ya Jiwe yalikaa kwenye karai la bluu, na karai hilohilo mama alilisuuza akaoshea vyombo vya mtoto.

Mei 2025 mtoto alishikwa na homa na kuhara, kinyesi kikawa na damu. Alilazwa siku nne. Kipimo cha choo kilionyesha bakteria wa salmonela. Muuguzi akauliza swali ambalo mama hakulitarajia: "Nyumbani mnafuga nini?" Mama akataja kuku wawili, kisha akasema, na kobe. Muuguzi akaacha kuandika.

Nataka niwe mwangalifu hapa, maana mtaani habari imeshageuka kuwa "kobe nusura aue mtoto". Hakuna aliyempima Jiwe. Salmonela huja pia kwa kuku, mayai, maji machafu na mikono ya watu. Lakini ni kweli kwamba kobe na mijusi hubeba bakteria hao tumboni bila kuugua hata kidogo, na huwatoa pamoja na choo na kwenye maji wanayoogea. Kumtazama kobe usoni hakukuambii lolote. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wajawazito na watu wenye kinga dhaifu. Ushauri wa kiafya uko wazi: mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, vyombo vyake visiingie jikoni, na penye mtoto mchanga asifugwe kabisa.

Mama alirudi kutoka hospitalini akatoa neno moja: kobe aondoke. Fundi, ambaye alikuwa na bili ya hospitali mfukoni, aliona njia ya kumaliza mambo mawili kwa mpigo mmoja. Ndipo tangazo likaandikwa.

Simu ya nne

Watatu wa kwanza walikuwa majirani wenye utani. Wa nne hakutaniana. Alisalimia kwa heshima, akamwita Fundi "ndugu yangu", kisha akauliza maswali ambayo mtu anayemtafutia mtoto wake kobe hawezi kuuliza. Gamba lina urefu gani kwa sentimita? Mgeuze, upige picha ya tumbo. Limebonyea au ni tambarare? (Kobe dume hubonyea tumboni, jike huwa tambarare. Mteja alitaka kujua jinsia bila kusema.) Akasema atampa elfu kumi na tano. Na kama kuna wadogo wa kukaa kiganjani, bei nyingine. Na kama Fundi ana watu upande wa Kitui au Tharaka wanaoweza kupata "wale bapa wa kwenye miamba", hapo wangezungumza vizuri sana.

Fundi hakumjua kobe bapa. Mimi nilikuwa nimesoma habari zake. Ni kobe mwembamba kama chapati, gamba lake ni laini kiasi kwamba hujipenyeza kwenye nyufa za mawe na kujibana humo adui asimtoe. Anaishi Kenya, Tanzania na pembe ya Zambia, na kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa mara. Wapenzi wa kufuga wanyama wa ajabu ng'ambo wamemwinda hadi akafikia ukingo wa kutoweka. Mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, nchi wanachama zilimpandisha hadi Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya kobe bapa waliotoka porini imefungwa. Kobe wengine wote wa nchi kavu, Jiwe akiwemo, wako angalau Kiambatisho cha Pili: kuvuka mpaka kunahitaji vibali.

Kwa hiyo huyo "ndugu yangu" alikuwa akimpima Fundi kama mtu wa kumtafutia mzigo. Bei ya elfu kumi na tano kwa kobe aliyetangazwa elfu tatu mia tano ilikuwa chambo, na Fundi, nashukuru, alihisi ndoano. Alimpigia mke wake, mke akampigia rafiki yake, rafiki akanipigia mimi.

Alichotaka kufanya, na kilichosemwa na sheria

Tulikaa sebuleni kwao Jumapili alasiri. Fundi alikuwa na mapendekezo, na kwa kila pendekezo ilinibidi nimjibu kwa kutikisa kichwa. Nayaeleza moja baada ya lingine kwa sababu ndiyo yaleyale ninayosikia tangu watu wajue habari hii.

La kwanza: "Basi nifute tangazo, nimuuzie mtu ninayemjua." Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 10, 2014, haimuulizi muuzaji kama anamjua mnunuzi. Inauliza kibali. Na maana ya "nyara" katika sheria hiyo inamgusa mnyama wa porini akiwa hai au amekufa. Wengi tukisikia nyara tunaona pembe ya ndovu. Jiwe akitafuna sukuma pale uani alikuwa nyara.

La pili: "Nimpe ndugu yangu Kisumu bure." Hapa ndipo nilipoisoma sheria mara mbili, maana hata mimi nilidhani bure ni salama. Sivyo. Sheria imelipanua neno la kufanya biashara ya wanyamapori: kuuza, kununua, kubadilishana, kugawa, kutoa, kupokea, kusafirisha, kuwa naye kwa nia ya kumpa mtu mwingine, na hata kufanya au kujitolea kufanya tendo la kuandaa mojawapo ya hayo. Kutoa bure kumo. Ndugu wa Kisumu kupokea kumo. Katoni kwenye matatu ya kupitia Kericho kumo. Na tangazo la maneno tisa, kabla senti moja haijabadilisha mkono, ni tendo la kuandaa mauzo.

Fundi aliuliza, "Hata nilipomnunua?" Nikamwambia ndiyo, hata uliponunua. Alinyamaza kwa muda. Mke wake akasema polepole, "Kwa hivyo tumekuwa ndani ya kosa miaka mitano na mtoto anampigia picha kila Krismasi."

La tatu: "Nimpeleke usiku nimwachie kwenye ua wa mbuga." Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru iko karibu, na wazo hilo lina moyo mzuri ndani yake. Lakini kobe aliyekaa na kuku na watu kwa miaka anaweza kubeba magonjwa ambayo wenzake wa porini hawajawahi kukutana nayo, na aliyezoea bakuli hajui majani ya Juni. Pia kumsafirisha kunabaki kosa lilelile. Nani arudishwe porini, lini na wapi, ni uamuzi wa wataalamu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

La nne hakulisema kwa sauti. Alitazama jembe lililoegemezwa ukutani, kisha akamtazama mwanawe, akaangalia chini. Sikumuuliza. Nataja tu kwa sababu najua familia nyingine, zikishikwa na hofu ya faini, hazina mtoto wa miaka kumi wa kuzizuia.

Hofu ya faini nayo si ya bure. Mfano uko hapa hapa kaunti yetu. Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji wa miaka 19 walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wa siafu wavunaji wapatao 5,000, wamepangwa ndani ya mirija midogo zaidi ya 2,000 yenye pamba. Mahakamani walisema ilikuwa burudani yao na hawakujua kwamba ni kosa. Mei 7, mahakama ya Nairobi iliwatoza kila mmoja shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12, na adhabu hiyohiyo ikawapata Mkenya mmoja na raia wa Vietnam katika kesi ya aina hiyo. Wadudu! Watu wa Nakuru walicheka habari ile kwenye matatu. Mimi sikuona la kuchekesha, maana ilinionyesha kwamba sheria yetu haimpimi mnyama kwa ukubwa wake.

Kwa Fundi, siku njema ya kazi ni shilingi elfu moja mia tano. Milioni moja ni karibu siku 670 za kuchomelea bila kula, bila kodi, bila karo. Na kutojua si utetezi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 7, inasema hivyo waziwazi.

Upande ambao sheria yetu haikuugusa

Mama aliniuliza swali ambalo bado linaniwasha. "Madam, hiyo sheria yote inamlinda kobe. Ya kumlinda mtoto wangu iko wapi?"

Nilikuwa na jibu la mbali. Marekani walianzia upande huo wa mtoto. Miaka ya mapema ya 1970, kobe wadogo wa maji waliuzwa madukani kama peremende, kwenye bakuli la plastiki lenye mnazi wa plastiki, na watoto wakawatia mdomoni. Madaktari wakaona wimbi la salmonela. Mwaka 1975 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ikapiga marufuku kuuza kobe yeyote mwenye gamba la chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10. Kipimo hicho kina mantiki ya jikoni: kobe wa ukubwa huo huenea kinywani mwa mtoto, na ndiye mtoto hudhani ni kidoli. Walioachwa nje ya marufuku ni wa utafiti, elimu, maonyesho na wa kuuzwa nje ya nchi. Mamlaka hiyo hukadiria kuwa marufuku ilizuia visa kama 100,000 vya salmonela kwa watoto kila mwaka. Ulaya nao mwaka 1997 walifunga mlango kwa kobe wa maji mwenye alama nyekundu nyuma ya jicho, kwa sababu nyingine kabisa: wenyeji walichoka kumfuga wakamtupa madimbwini, naye akawasukuma kobe wa asili.

Jiwe aliponunuliwa Kikopey alikuwa na sentimita 9. Angekuwa chini ya kipimo cha Marekani.

Sisemi tuige sheria yao. Yao ingemruhusu mtu kuuza kobe wa sentimita 12, na hilo ndilo tusilolitaka kwa wanyama wetu wa porini. Ninachosema ni kwamba mabango yetu yanazungumza habari za ndovu na kifaru, wanyama ambao Fundi hatawahi kupata nafasi ya kuwauza. Bango la kobe sijaliona Kikopey, sijaliona Gilgil, sijaliona Mbaruk. Na kliniki ya watoto, ambapo kila mama wa Nakuru hupita kupima uzito wa mtoto, ingeweza kuuliza lile swali la muuguzi mapema: nyumbani mnafuga nini? Mama huyu angeambiwa habari ya karai la bluu mwezi wa sita wa mtoto, asingefika wodini mwezi wa kumi na moja.

Halafu wale watoto wa barabarani. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuwajibika kwa jinai, na wa chini ya 14 hudhaniwa hana uwezo wa kutofautisha jema na baya hadi ithibitishwe vingine. Ni sawa kabisa, na sitaki mtoto yeyote afungwe kwa sababu ya kobe. Lakini mnunuzi mkubwa analijua hilo kuliko wazazi wao. Analipa kidogo, anabaki mbali, na wanaoonekana na waya mkononi ni watoto. Aliyepiga simu ya nne hakuwa mtoto.

Tulichofanya

Mficha uchi hazai, nikamwambia Fundi, na alielewa kabla sijamaliza. Alifuta tangazo lakini akahifadhi nakala yake, pamoja na namba ya mteja na jumbe zote, tarehe na saa. Watu wengi hufuta kila kitu kwa woga. Kumbe ujumbe uliosema "wale bapa wa kwenye miamba" ulikuwa ndicho kitu pekee chenye thamani kwa wachunguzi katika mkasa mzima.

Nilimtafuta wakili anayetusaidia bila malipo. Aliandika maelezo mafupi kwa sauti ya Fundi mwenyewe: alimpata wapi, lini, kwa shilingi ngapi, na kwa nini anamsalimisha. Hakupamba. Alimweleza pia haki zake za Ibara ya 49 ya Katiba: akikamatwa, aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, anyamaze akitaka, awe na wakili, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kisha tukawapigia simu maafisa wa wanyamapori na kuwaomba waje wao, kwa sababu ya lile neno kusafirisha.

Sikumwahidi Fundi kwamba hatashtakiwa. Kushtaki au kutoshtaki ni mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na msaidizi wa kisheria anayetoa ahadi ambayo si yake anamdanganya mtu aliye kwenye shida. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mtu aliyeita maafisa kwa simu yake mwenyewe, akiwa na maelezo yaliyotiwa sahihi na namba ya mnunuzi wa kutiliwa shaka, anasimama mahali tofauti na mtu aliyekutwa na katoni kwenye steji.

Hadi ninapoandika haya, hajaitwa mahakamani. Namba ya simu ya nne ilizimwa siku iliyofuata. Mama amelitupa lile karai. Msichana anatembea sasa.

Maafisa walikuja wawili, Jumatano asubuhi, na sanduku la mbao lenye matundu. Walikuwa wapole. Mmoja alivaa glavu, akampindua Jiwe taratibu, akamtazama macho na pua, akasugua kidole juu ya vigae vilivyoinuka. Alipofika kwenye tundu la waya alisimama, akaliingiza ncha ya kalamu, akauliza, "Nani alitoboa?" Fundi akamjibu kwamba alimkuta hivyo. Afisa akaandika.

Kijana alikuwa ameruhusiwa kuchelewa shuleni. Hakulia mbele yetu. Alisimama karibu na ukuta wa jikoni, mahali ambapo kila Desemba alikuwa akimsimamisha Jiwe na kuchora mstari kichwani na mkiani: mistari mitano ya penseli, na kando ya kila mmoja mwaka na namba kwa mwandiko uliozidi kunyooka mwaka hadi mwaka. Wa kwanza ulikuwa 9.

Afisa alipomaliza kupima kwa futi yake ya chuma, alitamka kwa sauti ili mwenzake aandike: "Kumi na tisa na nusu."

"Naomba ushike hapo," kijana akasema. Akatoa penseli mfukoni, akapiga magoti, akachora mstari wa sita, akaandika 2025.

Kisha akaenda kunawa mikono.